Mguu wa bandia, magongo au kiti mwendo: kuchagua baada ya saratani

Mtu akikatwa mguu kwa sababu ya saratani, karibu kila anayekuja kumjulia hali humuuliza: "Mguu wa bandia utapata lini?" Anayeuliza ana nia njema, ila swali lenyewe limeshaamua kila kitu. Magongo yanakuwa ya kusubiria, kiti mwendo kinakuwa cha walioshindwa, na mguu wa bandia ndio cheti cha kupona. Ukichagua kwa mpangilio huo unaweza kujikuta na kifaa cha bei kubwa kimeegemezwa nyuma ya mlango, nawe huna nguvu ya kukivaa.

Aliyekatwa mguu kwa ajali na aliyekatwa kwa saratani wanaweza kuwa na vigutu, yaani vipande vilivyobaki vya mguu uliokatwa, vinavyofanana kabisa, lakini miili yao haikupita njia moja. Wa pili amepewa dawa kali, pengine na mionzi, na madhara yake mengine hujitokeza miaka mingi baadaye. Kwa hiyo uchaguzi usianzie kwenye kigutu. Uanzie kwenye moyo, mishipa ya fahamu, mguu uliobaki na mabega, halafu ndipo ushuke kwenye kigutu.

Ninazungumzia mguu tu. Kukatwa mkono kuna hesabu zake.

Dawa zilizokuponya zimekuachia nini

Chukua osteosakoma, saratani ya mfupa inayowapata zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka, na ambayo mara nyingi huanzia karibu na goti. Matibabu yake ya kawaida ni upasuaji pamoja na dawa tatu: methotreksati kwa dozi kubwa, doksorubisini na sisplatini.

Doksorubisini hugusa misuli ya moyo. Kinachohesabiwa ni jumla ya dozi zote ulizowahi kupata. Kwa aliyetibiwa utotoni, kuanzia miligramu 250 kwa kila mita ya mraba ya mwili ni kundi la hatari kubwa, na mpango wa dawa tatu nilioutaja kwa kawaida hufikisha 450. Moyo unaweza kwenda vizuri kwa miaka mingi, kisha ukaanza kulegea taratibu bila kelele. Ndiyo maana walio katika kundi hilo hushauriwa kupimwa moyo kwa mawimbi ya sauti, kipimo kinachoitwa eko, kila baada ya miaka 2 hata kama wanajisikia wazima.

Sisplatini nayo hupunguza usikivu, hasa wa sauti nyembamba, na kwa kawaida usikivu uliopotea haurudi. Huchosha figo na kuzifanya zimwage madini ya magnesiamu. Tena huacha ganzi au moto kwenye vidole vya mikono na miguu. Hapo ndipo uchaguzi wa kifaa unapobadilika: una unyayo mmoja tu, na huo mmoja hauisikii sakafu vizuri. Vidole vinavyotakiwa kushika gongo vimekufa ganzi. Baiskeli inayokuja nyuma yako huisikii mpaka ikupite.

Methotreksati inaweza kudhoofisha mifupa, na mfupa wa nyonga upande uliokatwa hudhoofika wenyewe kwa kukosa kubeba uzito. Kuanguka ambako kwa mwingine kungeishia kwenye mchubuko, kwako kunaweza kuwa mvunjiko.

Juu ya hayo yote kuna uchovu. Si ule wa kulala ukaamka umepona, ni uchovu unaokaa miezi, kwa wengine miaka, baada ya dawa kwisha. Ndugu huuona kama uvivu. Kwa sababu yake, unapolinganisha vifaa uliza pia mwisho wa siku utabaki na nguvu kiasi gani.

Hatua moja inakula nguvu kiasi gani

Vipimo vya matumizi ya oksijeni, ambavyo vimekuwa vikifanywa kwa miongo mingi, vinaonyesha picha inayoeleweka hata kama namba hutofautiana kati ya mtu na mtu. Aliyekatwa chini ya goti akitembea na mguu wa bandia hutumia takribani robo zaidi ya nguvu za mtu mwenye miguu miwili. Juu ya goti ziada hiyo hupanda hadi asilimia 60 au zaidi, na aliyekatwa kwenye nyonga hupita hapo. Mwili hujua kujitetea: watu wengi hupunguza mwendo bila kuamua, ili matumizi ya kila dakika yasizidi.

Magongo bila mguu wa bandia ndiyo yanayowashangaza wengi. Yanaonekana mepesi, lakini kuurusha mwili mzima kwa mikono hatua baada ya hatua hupandisha mapigo ya moyo haraka, na kwa watu wengi ni kazi nzito kuliko kutembea na mguu wa bandia uliokaa vizuri. Kiti mwendo cha kusukuma kwa mkono, kwenye sakafu tambarare na ngumu, hutumia nguvu zinazokaribiana na kutembea kwa kawaida. Lakini kiti hicho hicho kwenye mchanga au mlimani huwa adhabu.

Kwa hiyo ukihema, usiseme haraka kwamba ni mguu wa bandia. Kuhema kuna sababu tatu zinazofanana sana kwa mgonjwa wa aina hii: kazi ya kutembea yenyewe, moyo ulioguswa na doksorubisini, na mapafu, ambako osteosakoma ikirudi hupenda kutua. Mfano anaopewa kila mtu aliyekatwa mguu ni Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa juu ya goti mwaka 1977, akaanza mwaka 1980 kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia, siku 143, kilomita 5,373. Watu hupenda kilomita wakaacha mwisho wa hadithi: alisimama kwa sababu kikohozi na maumivu ya kifua vilionyesha saratani imefika mapafuni, na alifariki Juni 1981 akiwa na miaka 22. Kuhema kupya au kikohozi kisichoisha kipeleke kwanza kwa daktari wa saratani. Mguu wa bandia utarekebishwa baadaye.

Mguu wa bandia: mzuri sana, mradi kigutu kitulie

Faida yake kubwa ni mikono. Ukivaa mguu unaokukaa vizuri unaweza kubeba kikombe cha maji kutoka chumba hiki hadi kile, kufungua mlango huku umeshika mtoto, kusimama kwenye foleni. Mzigo unagawanyika, mguu uliobaki unapumua kidogo, na mabega yanasalimika. Jambo hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana, maana goti la mguu uliobaki huwahi kupata ugonjwa wa kusagika kwa gegedu, na bega likishaharibika hata kujiinua kitandani ni shida.

Ila kila kitu kinategemea soketi, yaani kile kikombe kigumu kinachoingia kigutu. Soketi haibadiliki, kigutu hubadilika. Asubuhi kimejaa, jioni kimenywea. Ndiyo maana mvaaji hukaa ukingoni mwa kitanda, akavuta soksi ya silikoni taratibu isiingize hewa, akaongeza soksi ya kitambaa, akasimama, akasikiliza. Mfupa ukigonga chini, anavua na kuongeza soksi nyingine. Kufika mchana huenda ameongeza ya pili, ya tatu. Anayeishi na madhara ya saratani hufanya hesabu hii kwa ugumu zaidi, kwa sababu kigutu chake hakifuati saa za siku peke yake. Kinafuata na dawa. Siku za sisplatini maji mengi hupitishwa mwilini kulinda figo, na kigutu huvimba. Wiki inayofuata hamu ya kula imekwisha, uzito umeshuka, na soketi ile ile inacheza. Kwa sababu hiyo mafundi wengi wa viungo bandia humpa mgonjwa aliye katikati ya tibakemikali, yaani zile dawa kali za saratani, soketi ya muda, na ile ya kudumu husubiri uzito na kigutu vitulie. Ukisubirishwa hivyo usione umeonewa. Soketi ya kudumu iliyotengenezwa mapema mno ni fedha iliyotupwa.

Jambo ambalo ni nadra kuambiwa: soketi ni kipimo cha afya. Kama kwa siku kadhaa inakubana tangu asubuhi, na mguu uliobaki nao umevimba kifundoni, huenda mwili unashika maji kwa sababu ya moyo au figo. Kigutu kikivimba ghafla kikiwa cha moto na chenye maumivu, kinaweza kuwa na damu iliyoganda au maambukizi. Soketi ikilegea wiki hadi wiki bila wewe kujinyima chakula, unakonda, na sababu itafutwe. Ukikuta uvimbe mgumu ndani ya kigutu, upigwe picha. Fundi atakayekuongezea sponji tu bila kukuuliza maswali haya hajakusaidia.

Ngozi ndiyo mpaka mwingine. Iliyopigwa mionzi huwa nyembamba, huchanika kwa msuguano mdogo na hupona polepole. Wakati wa tibakemikali, chembe nyeupe za damu hushuka sana, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na kidonda kidogo cha soketi siku hizo kinaweza kuwa mlango wa maambukizi mabaya. Mwenye ganzi kigutuni hana hata maumivu ya kumwambia avue. Kioo kidogo cha kuangalia upande wa chini kila jioni, na kuosha soksi ya silikoni kila siku kwa sabuni isiyo kali, hayo si mambo ya hiari.

Maumivu ya mguu usiokuwepo ni ya kweli, hutoka kwenye mishipa ya fahamu na ubongo, na mwaka 1871 daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell aliyapa jina linalotumika hadi leo. Wapo wanaosema huwapungua wakivaa mguu, wapo wanaosema huwazidi. Mazoezi ya kioo, ambapo mguu mzima huonekana mahali pa uliokatwa, husaidia baadhi, na zipo dawa za mishipa ya fahamu kama gabapentini na amitriptilini, ingawa mwenye figo zilizochoka lazima dozi ya gabapentini ipunguzwe na mwenye moyo dhaifu aangaliwe kabla ya amitriptilini. Unaona jinsi madhara ya zamani yanavyoingia hadi hapa. Lakini maumivu mapya yaliyokaa sehemu moja ya kigutu, ukibonyeza yanaruka kama umeme, hayo huenda ni nyuroma, mshipa uliokatwa ukaota kifundo. Zungumza na daktari wa upasuaji.

Kwa aliyekatwa juu ya goti kuna swali la goti gani. La kufunga, linalobaki limenyooka ukitembea, ni gumu kuanguka nalo na halichoshi kulifikiria, ila mwendo wake unavuta nyonga. Linalotawaliwa na mafuta au hewa iliyomo ndani yake huenda vizuri kwa mwenye nguvu. La kompyuta hujifunga lenyewe linapohisi unajikwaa na limeonekana kupunguza kuanguka, hivyo kama una ganzi unyayoni mimi ningelitanguliza kabla ya unyayo wa bandia wa kifahari. Bei yake ni kubwa na linataka kuchajiwa.

Kwa mtoto, ongeza mambo mawili: soketi itapitwa na umri mara kwa mara, na mfupa uliokatwa katikati unaweza kuendelea kuota ncha hadi utishie kutoboa ngozi. Mzazi anayeona mtoto aliyekuwa akikimbia sasa anakataa kuvaa mguu asimgombeze kabla ya kukikagua kigutu.

Utasikia pia habari za chuma kinachopandikizwa ndani ya mfupa ili mguu ushikizwe bila soketi, upasuaji ulioanza Uswidi mwaka 1990. Kwa mwenye matatizo ya soketi ni jambo la kuvutia. Kwa mfupa uliopigwa mionzi au mwili ulio bado kwenye tibakemikali, madaktari wengi hukataa, na wana sababu.

Magongo: ya haraka, ila yana deni

Hayahitaji kuchajiwa, hayana soketi, yanapanda ngazi, yanaingia choo chembamba. Kwa kijana mwenye moyo mzima aliyekatwa nyonga, magongo mara nyingi ndiyo chaguo lake la kudumu, kwa sababu mguu wa bandia wa ukubwa huo ni mzito, unabana kiunoni, na wengi huuacha.

Chagua ya kiwiko kuliko ya kwapani kama mikono inaruhusu. Magongo ya kwapani yanaharibiwa na tabia moja: kuyalalia. Kwapa likibeba uzito, mshipa wa fahamu hukandamizwa na mkono unaweza kulegea kiganjani. Mwenye ganzi ya sisplatini tayari ana mishipa iliyoumia, asiiongezee.

Deni la magongo hulipwa na mabega, viganja na ule mguu mmoja unaopokea kila mruko. Mpira wa chini ukilika, badilisha siku hiyo hiyo. Sakafu yenye maji na gongo lenye mpira uliolika vimewavunja watu wengi nyonga.

Kiti mwendo: kinachodharauliwa bila sababu

Kama kuna kifaa ambacho watu wa saratani hukichelewesha kwa aibu ni hiki. Mtu mwenye moyo unaosukuma nusu ya nguvu zake anajikokota kwa magongo kwenda kazini, anafika amekwisha, kisha anashangaa kwa nini hawezi kufanya kazi. Kwa kiti angefika na kichwa kinachofanya kazi. Kukitumia kwa safari ndefu hakukunyimi kuvaa mguu nyumbani.

Kina mitego yake. Aliyekatwa mguu amepoteza uzito wa mbele, hivyo kiti cha kawaida humpindua nyuma anapopanda ukingo mdogo. Ekseli ya magurudumu ya nyuma inatakiwa isogezwe nyuma, au vifungwe vijigurudumu vya kuzuia kupinduka. Aliyekatwa chini ya goti anahitaji ubao wa kukiegemeza kigutu kikiwa kimenyooka, kwa sababu kukaa na goti lililokunjwa kutwa nzima hukaza misuli, na goti au nyonga iliyokaza itafanya mguu wa bandia usivalike baadaye. Kulala kifudifudi kwa muda kila siku husaidia nyonga inyooke, mradi kifua kinaruhusu. Mto wa kukalia ununuliwe wa maana, hasa kama umekonda.

Bega likiwa bovu au moyo ukiwa dhaifu sana, kiti cha umeme. Kizito, ghali, hakipandi ngazi, lakini hakikudai pumzi.

Kwa kila tatizo, vitatu vikisimama pamoja

| Kinachokusumbua | Mguu wa bandia | Magongo | Kiti mwendo |
|---|---|---|---|
| Moyo dhaifu | Mwendo mfupi, daktari wa moyo akikubali | Kazi nzito kuliko vyote | Ndicho cha safari; mlima ukiwepo, cha umeme |
| Ganzi unyayoni | Inawezekana, goti la kompyuta likiwepo | Hatari ya kuanguka | Salama |
| Ganzi vidoleni | Kuvaa ni kazi, kutembea si tabu | Mshiko unaponyoka | Kusukuma kunachosha, breki ziwe nyepesi |
| Kidonda kigutuni | Usivae | Ndiyo | Ndiyo |
| Bega bovu | Bora | Epuka | Cha umeme tu |
| Uzito unapanda na kushuka | Soketi ya muda | Sawa | Sawa |
| Usikivu umepungua | Mikono huru, geuka uangalie | Huwezi kugeuka haraka | Kioo kidogo kwenye mkono wa kiti |

Saa za usiku

Hili halimo kwenye jedwali na ndilo linalovunja watu. Usiku mguu wa bandia umevuliwa. Unashtuka unataka choo, ubongo bado unaamini mguu upo, unateremka kitandani na kuukanyagia hewa. Hutokea hata kwa waliokatwa miaka mingi iliyopita. Yeyote anayekuambia mguu wa bandia unatosha peke yake hajalala usiku mmoja kwenye mwili huo. Kando ya kitanda kuwe na magongo yanayofikika kwa mkono au kiti kilichofungwa breki, na taa isiyo mbali.

Kama uwezo ni wa kifaa kimoja kwa sasa

Uliye bado kwenye tibakemikali: magongo ya kiwiko kama moyo na vidole viko sawa, kiti kama haviko. Mguu wa bandia usubiri, isipokuwa wa muda.

Uliyemaliza dawa, umekatwa chini ya goti, eko ni nzuri na ngozi ni nzima: weka fedha kwenye mguu wa bandia, hasa kwenye soketi, wala usisikitike ukipewa unyayo wa kawaida. Soketi nzuri na unyayo wa bei ndogo hutembeza. Unyayo wa bei kubwa kwenye soketi mbaya hukaa kabatini.

Uliyekatwa juu ya goti na moyo umeanza kuonyesha dalili: kiti kwanza. Mguu baadaye, kwa ajili ya kusimama na hatua za ndani, ukiwa umeshajua moyo unavumilia kiasi gani.

Siku ya kwenda kupimwa, nenda na karatasi za saratani, si rufaa ya mguu peke yake: jumla ya doksorubisini uliyopata, majibu ya eko ya mwisho, kipimo cha figo, kipimo cha masikio, na kama ulipigwa mionzi, wapi hasa. Fundi wa viungo bandia hawezi kuyaona hayo kwa kukishika kigutu. Akikupimia kifaa bila kuyauliza, mwekee mezani mwenyewe kabla hajachukua vipimo.